Kanda Tulizooka kwa Ajili ya Bi Ragna

Wanangu, Jumapili mkija kwangu hapa Weston, Toronto, baada ya ibada, mkishamaliza wali na maharage yangu, huwa mnaniuliza kwa Kiingereza chenu hicho, "Bibi, hivi wewe ulikuwa unafanya kazi gani hasa?" Nikiwaambia nilikuwa natunza nyaraka za kanisa za Wanorwei waliohamia Amerika, mnatazamana. Mmoja wenu, simtaji jina ila ana miguu mirefu na ndiye anayemaliza nyama kwenye sufuria, alisema eti kumbe Bibi alikuwa mlinzi wa vumbi. Haya bwana. Mlinzi wa vumbi ameketi leo anaandika, tena kwa Kiswahili. Atakayeipa simu imtafsirie, shauri yake. Simu haijui wakati natania na wakati nimenuna.

Kwanza hilo vumbi liondoeni kichwani. Vumbi tulilipiga vita kila siku. Chumba chetu kilikuwa chini ya ofisi za kanisa huko mjini, na ukishuka zile ngazi unakutana na baridi ya makusudi, kwa sababu karatasi hazipendi joto. Mwezi wa saba, watu wote wa Toronto wakiwa na vipensi, mimi niko kwenye treni na sweta mkononi. Abiria walikuwa wananionea huruma, wakidhani nina homa.

Humo ndani makasha yalifika darini. Vitabu vya ubatizo na kipaimara, mihtasari ya umoja wa kina mama, mahubiri, picha za harusi ambazo hakuna anayecheka, kanda za sauti. Vyote vya watu waliotoka Norwei na masanduku ya mbao, wakashukia Amerika, wakalima Minnesota, na wengine wakavuka mpaka kuja Saskatchewan. Wakajenga makanisa yao katikati ya ngano. Vijana wakaenda mijini, wazee wakafa, makanisa yakafungwa mlango, na makasha yakaletwa kwetu. Mkiona huruma, ni sawa. Mimi niliiona miaka yote na haikuniisha.

Sasa mtauliza, Mwiraqw wa Mbulu na Wanorwei wapi na wapi? Jamani, kwetu kulikuwa na hospitali ya misheni, na mimi nilikuwa karani wa mafaili ya wagonjwa. Mkubwa wangu alikuwa muuguzi Mnorwei, tukimwita Sista Inga. Alijua Kiswahili, lakini akikasirika hakuwa na subira ya kukitafuta, alikuwa anafoka kwa lugha ya mama yake. Kwa hiyo Kinorwei changu cha kwanza kilikuwa cha nani kaacha mlango wazi, na faili la huyu liko wapi, na toka hapa. Cha upole nilikijua baadaye, akiniita tunywe naye kahawa. Lugha uliyofokewa nayo haikutoki hata ukiioga.

Nilipofika huku nilianzia Malton, kama wengi wetu, kwenye maghala ya mizigo pembeni mwa uwanja wa ndege. Kazi ya zamu, mgongo hauna mwenyewe. Siku moja kanisani nikaona tangazo ubaoni, wanatafuta mtu wa kusaidia nyaraka, mwenye kusoma Kinorwei apewe nafasi ya kwanza. Nikajiambia, Paulina, hili tangazo limeandikwa na malaika.

Aliyenipokea aliitwa Bi Edna, Mkanada mrefu mwenye sauti ya ukali na moyo wa maandazi. Alinipa barua ya mchungaji fulani wa zamani nisome. Yule mchungaji alikuwa anamlalamikia askofu kwamba wazee wa usharika wanasinzia kwenye mahubiri, na mmoja wao anakoroma kwa makusudi. Nikaanza kucheka mwenyewe, nikajiziba mdomo. Bi Edna akaniuliza kuna nini, nikamsomea, na yeye akacheka mpaka akavua miwani. Nikaanza Jumatatu yake.

Huyo mama ndiye aliyenifundisha kazi, na hakunifundisha kwa kuniketisha darasani. Alinifundisha kwa kunipiga vidole. Nikilamba kidole ili nifunue ukurasa, pa! Nikiweka chai karibu na kasha, pa! Alisema karatasi inashikwa kwa mikono mitupu iliyonawa na kukauka, kwa sababu glavu zinakuondolea hisia na unachana bila kujua. Pini zenye kutu zing'olewe taratibu, usivute kama unang'oa jino. Kubwa kuliko yote, usipange upya vitu vya watu. Kama mzee aliweka cheti cha ubatizo kati ya risiti ya mbegu za ngano na picha ya farasi, hapo ndipo palipo mahali pake, maana labda farasi alinunuliwa wiki ile mtoto alipozaliwa. Na ukinakili kitu, hifadhi kwanza nakala kama kilivyo, na uchafu wake wote, ndipo uanze kusafisha. Alikuwa akisema hivyo kila asubuhi, nami nilikuwa nikimwiga nyuma ya mgongo wake kwa kubinua midomo.

Kosa la kila mgeni kwenye kazi ile ni kumtafuta Mnorwei kwa jina la ukoo. Weee, utazeeka hujampata! Zamani zile mtoto wa Lars aliitwa Larsen, na juu yake akabandikwa jina la shamba alilokaa. Akihamia shamba jingine, anachukua jina la huko. Alikuja bwana mmoja kutoka Winnipeg, mtu mzima, kavaa tai, akanieleza kwa sauti ya chini kwamba anadhani babu yake alikuwa mhalifu anayekimbia polisi, kila kitabu ana jina jingine. Aibu ilikuwa imemjaa usoni. Nikamwambia, baba, babu yako hakuwa jambazi, alikuwa anahama nyumba. Alinikumbatia mpaka miguu ikaninyanyuka sakafuni, na kila Krismasi alikuwa ananitumia kadi.

Na ugomvi! Mnadhani sisi ndio tuliovumbua ugomvi wa kanisani, pale mlipogombania sare za kwaya? Wale watu waligawanyika kwa sababu ya swali kama Mungu alichagua wa kuokoka kabla hawajazaliwa au la. Kijiji kimoja, makanisa mawili, yanatazamana ng'ambo ya barabara. Nyimbo ni zilezile, kahawa ni ileile, na ndugu wa tumbo moja hawasalimiani. Lakini nenda kwenye mihtasari ya kina mama, utakuta, "Tumewarudishia wale wa ng'ambo sufuria lao kubwa, tumeshukuru." Waume zao wakibishana kuhusu mbingu, wao wanaazimana masufuria. Niliposoma pale nilicheka, halafu nikamkumbuka mama yangu.

Haya, sasa niwaambie habari ya Bi Ragna. Mnamkumbuka, yule bibi mwembamba mweupe aliyekuwa anakuja kwenye ibada yetu ya Kiswahili miaka ya mwisho, anakaa mbele, anatabasamu, haelewi hata neno. Mlimzoea bila kujua katokea wapi. Alitokea kwenye ngazi zangu.

Alishuka na fimbo yake, akiwa karibu na miaka tisini. Nikamkimbilia nimshike mkono, akakataa. Nikampa kiti, akasema yuko sawa amesimama. Nikamkaribisha kahawa, akasema hapana, asante, asinisumbue. Ningekuwa mgeni kwa watu wale ningemwacha hapo hapo amesimama na kiu yake. Lakini nilishawajua. Kwao ukikubali mara ya kwanza umekosa adabu, mtu atasema huyu kaja kula. Nikamkaribisha tena, akakataa kwa sauti laini zaidi. Nikamkaribisha tena, akasema basi, kidogo tu, nusu kikombe. Akakaa, akanywa kikombe kizima, akaomba kingine.

Ndipo akaniambia shida yake, kavukavu, kama anayesoma taarifa ya hali ya hewa. Sikio la kushoto limekufa. La kulia daktari amesema linafuata. Yeye alikuwa muuguzi hapa Toronto maisha yake yote, anajua daktari akisema hivyo anamaanisha nini. Hakuolewa, ndugu zake wote wametangulia, na mazishi yake ameshayapanga mwenyewe, mpaka aina ya keki. Kilichobaki ni wimbo.

"Mama alikuwa na wimbo wa jioni," akasema. "Maneno yamo kwenye kitabu cha nyimbo, lakini sauti ya kitabuni siyo. Sauti ya mama ni ya bonde alikozaliwa mama yake. Mimi niliondoka nyumbani mapema. Mstari wa kwanza ninao, wa pili ninao, wa tatu unaniponyoka. Kaka yangu ndiye aliyeujua, naye amekufa."

Nikamwuliza sisi tutamsaidiaje. Akasema yeye akiwa tayari yuko Toronto, mwanafunzi mmoja wa chuo alizunguka mashamba ya Saskatchewan na mashine ya kurekodi, akiwahoji wazee. Nyumbani kwao alifika. Kanda zake ziliishia kwetu.

"Nataka kumsikia mama akiimba kabla sijaacha kusikia," akasema. "Basi. Sina jingine ninalotaka." Halafu akanyoosha sketi yake, nami nikageuka kutafuta kalamu ambayo sikuwa naihitaji.

Kanda zilikuwepo. Zile za magurudumu makubwa, kabla ya kaseti, msizozijua nyie. Tatizo, kanda nyingi za miaka ile zimevuta unyevu mpaka gundi yake imeota utelezi. Ukizicheza hivyo zinanata, zinapiga kelele kama mlango wenye kutu, na sauti inabanduka pamoja na ule utando wa juu unaoibeba. Unazisikia mara moja huku unaziua.

Hapo ndipo anapoingia Papa Célestin. Mnamjua, mwalimu wenu wa kwaya, lakini hamjui kwamba ofisini alikuwa fundi wetu wa sauti. Mtu wa Bukavu, alifanya kazi redioni huko kwao, anaingia kazini amevaa suti na viatu vinang'aa, kana kwamba kanda zinamtazama. Yeye ndiye aliyeniambia, "Mama Paulina, hizi tutazioka."

"Tuzioke kama mkate?"

"Non, Mama. Pole pole, kama samaki wa kukausha."

Akanunua mashine ya kukaushia mboga na matunda, ile ya madukani kabisa, akatoa trei za katikati, akaipima joto kutwa nzima kabla hajaweka chochote. Joto liwe la wastani, mkono uvumilie, na likae vilevile saa baada ya saa, ukigeuza kanda mara kwa mara. Ikikauka, gundi inashika tena kwa wiki chache, na hizo wiki chache ndizo za kunakili. Lakini si kila kanda inaokwa! Inyanyue kwenye taa. Ikipitisha mwanga, au ikinuka siki, hiyo ni ya aina ya zamani zaidi, ukiitia joto umeiua na hairudi. Kabla ya kila gurudumu Papa Célestin alikuwa analinusa kwanza, kafumba macho, suti imemkaa. Katibu wa ofisi ya juu alishuka na sahani ya vipande vya matofaa, akauliza kama kuna nafasi kwenye trei. Célestin alimtazama vile anavyowatazama nyie mkiingia mazoezini mmechelewa.

Za nyumbani kwa akina Bi Ragna zilikuwa mbili, zote za kuokwa. Moja imeandikwa jina la mama, Gudrun, nyingine jina la baba, Anders. Nilikuwa nimeishikilia ile ya mama kama yai.

Siku ya kusikiliza Bi Ragna alikuja amevaa broshi ya fedha, lile pambo la pini, shingoni. Tukamvisha visikilizi vikubwa vya Célestin, sauti tukaipandisha, nasi tukasikiliza kwa spika ndogo. Kwanza mlio wa mashine. Kisha kijana wa chuo, kwa Kinorwei cha shule, anasema yuko na Bi Gudrun, na anamwomba azungumzie maisha yake, na kama atapenda, aimbe wimbo mmoja wa zamani.

Halafu sauti ya mama. "Mimi? Hapana, hapana. Mimi sina la kusema. Muulize Anders. Umekunywa kahawa?"

"Samahani, Bi Gudrun," kijana akasema. "Sitakulazimisha."

Tik. Akazima. Kanda yote iliyobaki ilikuwa tupu.

Nilitamani sakafu inimeze. Lakini Bi Ragna alikuwa anacheka. Anacheka, machozi yanatoka, anapiga meza kwa kiganja. "Ndiye! Ndiye mama kabisa!" Kisha kicheko kikakatika, akakunja ngumi. "Mjinga yule! Aliuliza mara moja! Nani anamwuliza mama wa watu mara moja?"

Mnaona kosa lenyewe, wanangu? Kijana yule hakuwa mbaya, alikuwa na adabu ya mjini. Alisikia hapana akadhani ni hapana. Angengoja, angeomba tena, angeomba tena kwa upole, yule mama angejifuta mikono kwenye aproni na kuimba mpaka kanda iishe. Adabu mbili zilikutana mlangoni, kila moja ikaipisha nyingine, hakuna iliyoingia.

Tukamwekea kanda ya baba, angalau asikie sauti ya nyumbani. Célestin alikuwa ameshaisafisha vizuri, kwa ajili ya watafiti: amepunguza kelele za nyuma, amekata sehemu zenye kimya, baba anasikika kana kwamba yupo chumbani. Naye baba anazungumza, jamani! Ni habari ya lile kanisa kugawanyika, nani alisema nini, nani alitoka kwa hasira na kuacha kofia. Bi Ragna alisikiliza kidogo, akavua visikilizi.

"Huyo nilimsikia utoto wangu wote," akasema. "Kwetu Baba alizungumza na mama alinyamaza. Sikumbuki siku hata moja aliyofunga mdomo ili mama aseme."

Akatushukuru kwa adabu, akapanda ngazi bila kushikwa. Célestin akazima mashine, akarudisha kanda kwenye makasha yake. Niliumia, siwafichi. Mtu anaomba kitu kimoja duniani, nawe unampa tik.

Kesho yake nilikuwa namenya ndizi hapa hapa jikoni kwangu kabla ya kwenda kazini, nikawaza, yule mama alipokataa, alikwenda wapi? Mwanamke anayesema sina la kusema, umekunywa kahawa, haendi kulala. Mama yangu Mbulu wageni wakija alikuwa anasalimia, anasema mwongeeni na baba watoto, halafu anaingia jikoni, na huko ndiko anakoishi. Nikaacha ndizi nusu. Nikakimbilia treni, na magoti haya mnayoyajua.

"Papa Célestin," nikamwambia kabla hata ya salamu, "nipe ile kanda ya baba kabla hujaisafisha."

Akaudhika. "Mama Paulina, ile iko makelele tu. Maji, visahani, vikombe. Mi nilifanya kazi siku mbili kuitoa."

"Nipe na vikombe vyake."

Nakala chafu ilikuwepo, kwa sababu hakuna mtu aliyepita mikononi mwa Bi Edna akathubutu kuifuta. Célestin akaifungua, akavaa visikilizi yeye kwanza, kwa kununa. Nikamtazama. Uso ukabadilika. Akaweka mkono kichwani.

"Ee Mama," akasema. "Mama, kuya usikie."

Nyuma ya baba, nyuma ya kanisa lililogawanyika na kofia iliyoachwa, kulikuwa na mtu anaosha vyombo. Na yule mtu alikuwa anaimba. Kwa mbali, bila haraka, anaimba kwa sauti ile ya mwanamke asiyejua kwamba kuna anayemsikia. Kikombe kinagonga kikombe, maji yanatiririka, ubeti wa kwanza, wa pili. Mimi nililia hapo hapo. Célestin alikaa na kichwa mikononi, anarudia, "Nilifikiri Mama iko bruit. Nilifikiri Mama iko bruit," yaani kelele. Nikamwambia si wewe, mwenye kurekodi alifikiri hivyo, aliyeandika maelezo ya kasha alifikiri hivyo, na mimi niliyapita maelezo yale miaka na miaka. Akafuta uso kwa leso yake ya suti, akakaa mashineni, akafanya kazi kinyumenyume: safari hii baba akateremshwa kidogo, jiko likapandishwa.

Bi Ragna tukamwita kwa simu. Alikuja bila broshi, nadhani hakutaka kujipa matumaini. Tukamvisha visikilizi. Mama yake alipoanza kuimba, yeye hakulia wala hakucheka. Alifumbua mdomo. Mstari wa kwanza akaufuata, wa pili akaufuata, na wa tatu ulipofika, ule uliokuwa unamponyoka, akanyamaza akaupokea. Akaomba kurudiwa. Safari ya pili aliuimba wote, sauti ya kizee inatetemeka juu ya sauti ya mama yake, na Célestin upande wa pili wa meza anaandika do, so, la, so kwenye karatasi upesi upesi, kwa namna ya kwaya zetu.

Mengine mnayajua, maana ni nyie mlioimba. Usharika wake wa Kinorwei ulikuwa hauna kwaya tena, umebaki wazee wachache wa kuhesabika, kwa hiyo akaanza kuja kwetu, akatuomba tujifunze wimbo wa mama yake. Mlilalamika! Eti Bibi, maneno gani haya, ulimi unajikunja. Lakini siku ya msiba wake mliimba mpaka wazee wale wa Kinorwei wakasimama wenyewe bila kuambiwa, na sikuwahi kuwaonea fahari nyie watoto kama siku ile. Nilikuwa nimewakasirikia kwa kuchelewa, nikawasamehe palepale.

Lakini kuna jambo sikuwaambia siku ya msiba, kwa sababu watu walikuwa wengi na mimi sikujiamini.

Ile nakala iliyosafishwa, Célestin alikata kimya, nimewaambia. Kila fundi anakata kimya, watafiti hawana muda nacho. Kwenye nakala chafu kimya kipo, na kinaanzia hivi. Baba anazungumza, amepamba moto, anaeleza ni kanisa lipi kati ya yale mawili lilikuwa na haki. Jikoni mama anaingia ubeti wa mwisho. Na baba anaacha kusema. Katikati ya sentensi, si kwenye nukta.

Kijana wa chuo anangoja, kisha anauliza, "Halafu ikawaje, Bwana Anders?"

Na baba anasema, kwa sauti ya chini ambayo hana mahali pengine popote kwenye kanda ile, "Ngoja. Mwache kwanza amalize."

Hakuna anayesema kitu tena. Ni yeye tu kule jikoni, na vikombe, mpaka ubeti unaisha na bomba linafungwa. Ndipo baba anakohoa kidogo na kurudi kwenye ugomvi wa kanisa.

Siku ile, wimbo ulipokwisha mara ya pili, Bi Ragna alivua visikilizi, akavishika mapajani. "Umesikia alivyosema?" akaniuliza.

"Nimesikia."

"Amesema wamwache amalize?"

"Ndivyo alivyosema, Bi Ragna. Neno kwa neno."

Papa Célestin, akidhani anautaka wimbo, alikuwa ameshairudisha kanda mpaka mwanzo wa ubeti wa kwanza. Bi Ragna akamgusa mkono.

"Hapana, mwanangu. Wimbo nimeshaupata," akasema, huku anavaa tena visikilizi. "Nipeleke pale Baba aliponyamaza."